Ganda la Chungwa kati ya Jiko na Duka la Dawa

Tunda la chungwa hutumiwa kwa namna inayoshangaza ukiitazama kwa jicho la lishe, kwa kuwa mlaji hulipa fedha kwa ajili ya tunda zima, kisha hula sehemu yake moja na kuitupa nyingine, ilhali ile inayotupwa ndiyo iliyobeba nyuzinyuzi nyingi zaidi, madini ya chokaa mengi zaidi, na karibu mafuta yote yanayolipa tunda harufu yake. Dunia huvuna zaidi ya tani milioni 140 za matunda ya jamii ya mchungwa kila mwaka, yaani machungwa, malimau, ndimu, machenza, mabalungi na madanzi, na viwanda vinavyokamua maji ya matunda hayo hubakiwa na takribani nusu ya uzito wa kila tunda katika sura ya maganda, makapi na kokwa. Mazungumzo haya yanahusu ganda hilo na faida zake kwa afya ya mwili, nayo yataitetea hoja moja: kwamba ganda ni chakula chema kilichosahauliwa, na kwamba wale wanaolitangaza kuwa dawa ya kila ugonjwa, kwa ujumbe mrefu unaozunguka katika simu za watu, hawalitukuzi bali hulipotezea sifa yake ya kweli.

Kabla ya kutaja faida, yafaa kwanza ganda lenyewe lifahamike. Ganda la chungwa lina matabaka mawili yanayotofautiana sana kwa kazi na kwa yaliyomo. Tabaka la juu, ambalo wanasayansi huliita flavedo, ni jembamba, lina rangi, na limejaa vifuko vidogo vya mafuta vinavyoonekana hata kwa macho matupu kama vitone. Ndivyo vinavyopasuka na kurusha ukungu wenye harufu kali pale ganda linapokunjwa kwa vidole. Chini yake lipo tabaka jeupe, laini kama sifongo, liitwalo albedo, ambalo halina harufu ya kutajika na lina uchungu kidogo, na ambalo watu wengi hulibandua kwa makini utadhani ni uchafu. Muuzaji wa machungwa wa mitaani, kutoka Kariakoo hadi Forodhani, humenya tabaka la kwanza kwa kisu chenye makali na kuliacha la pili, ili tunda lisipasuke mkononi mwa mnunuzi anapolifyonza. Hivyo mnunuzi huyo huyakosa mafuta kwa sababu yametupwa chini ya toroli, kisha huyakosa na yaliyomo katika tabaka jeupe kwa sababu akimaliza kufyonza hulitupa mwenyewe.

Rangi ya tabaka la juu isimhadae mtu. Machungwa ya Muheza mkoani Tanga, ambayo ndiyo maarufu kuliko yote nchini Tanzania, mara nyingi hubaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva na kuwa matamu, kwa sababu rangi ya kijani kwenye ganda huvunjika vizuri pale usiku unapokuwa wa baridi, na pwani haina baridi ya namna hiyo. Ukijani huo hauna maana kwamba ganda ni bichi au lina sumu.

Faida inayotajwa kwanza na kila mtu ni vitamini C, na ni kweli kwamba vipimo vya maabara vinalipa ganda ushindi wa wazi. Gramu 100 za ganda bichi la chungwa zina takribani miligramu 136 za vitamini hiyo, ilhali uzito uo huo wa nyama ya tunda una miligramu zipatazo 53. Ganda la limau nalo lina takribani miligramu 129. Takwimu hizi ni sahihi, lakini hutumiwa vibaya, kwa kuwa hakuna mtu anayekaa kitako akala gramu 100 za maganda mabichi. Kijiko kikubwa kimoja cha ganda lililokwanguliwa kina uzito wa gramu sita hivi, na humpa mlaji miligramu nane, wakati mtu mzima anahitaji kati ya miligramu 40 na 110 kwa siku kulingana na taasisi inayopendekeza. Zaidi ya hayo, vitamini C huharibiwa na joto na hewa, hivyo ganda lililokaushwa juani kwa siku kadhaa, kisha likachemshwa kwa nusu saa, huwa limebaki na sehemu ndogo tu ya kile lilichokuwa nacho mtini. Mwenye kutafuta vitamini C pekee angefanya vema kula pera, ambalo hulizidi chungwa na ganda lake kwa mbali, na ambalo halihitaji kumenywa.

Historia ya vitamini hiyo, hata hivyo, ina sura moja inayolihusu ganda moja kwa moja. Mwaka 1747 tabibu James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwagawa mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu kwenye ufizi na kulegea kwa meno, katika makundi ya watu wawili wawili, akawapa kila kundi kitu tofauti, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Karibu miaka 180 baadaye, mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliitenga kemikali iliyokuja kujulikana kuwa ndiyo vitamini C, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Mwaka mmoja kabla ya tuzo hiyo yeye na wenzake walikuwa wametangaza kwamba kitu kingine kilichomo katika malimau huimarisha kuta za mishipa midogo ya damu, wakakiita vitamini P. Jina hilo lilikuja kuachwa mwaka 1950, baada ya kudhihirika kwamba mwili hauugui kwa kukikosa kitu hicho kama unavyougua kwa kukosa vitamini halisi. Lakini kitu chenyewe hakikutoweka pamoja na jina lake, nacho kitarudiwa baadaye katika mazungumzo haya.

Faida iliyo imara kuliko zote, ambayo ni nadra kutajwa katika sifa zinazosambazwa, hutoka katika lile tabaka jeupe linalodharauliwa. Humo mna pektini, ambayo ni aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji na kugeuka ute mzito. Mfaransa Henri Braconnot aliieleza pektini kwa mara ya kwanza mwaka 1825, na tangu hapo viwanda vya jemu vimeitegemea ili jemu ishikamane. Ndiyo sababu hata mtengenezaji mdogo wa jemu ya nanasi, tunda ambalo pektini yake ni haba, huongeza limau ndani ya sufuria. Ganda kavu la matunda ya jamii ya mchungwa huwa na pektini kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake, kiwango ambacho ni vyakula vichache mno vinavyokifikia, na sehemu kubwa ya pektini inayouzwa duniani leo hutoka katika maganda hayo yanayobaki viwandani.

Kazi ya pektini mwilini inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Ikishafika tumboni na katika utumbo mwembamba, hunywa maji na kuufanya mchanganyiko wa chakula kuwa mzito, hivyo sukari iliyomo katika chakula huingia katika damu polepole badala ya kuingia kwa kishindo. Pektini pia hunasa asidi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kutokana na lehemu, yaani ile kolesteroli inayoweza kuganda katika kuta za mishipa ya damu ikizidi kiasi. Kwa kawaida asidi hizo hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi katika ini ili zitumike upya. Zikinaswa na pektini hutoka pamoja na choo, na ini hulazimika kuchota lehemu nyingine kutoka katika damu ili kutengeneza asidi mpya. Kisha, katika utumbo mpana, pektini iliyosalia huwa chakula cha bakteria rafiki wanaoishi humo, nao huichachusha na kutoa asidi nyepesi za mafuta zinazozilisha seli za ukuta wa utumbo wenyewe. Mambo haya hayategemei uvumi: mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, ambayo huyakataa madai mengi ya afya kuliko inayoyakubali, ilikubali mwaka 2010 kwamba gramu sita za pektini kwa siku husaidia kudumisha kiwango cha kawaida cha lehemu katika damu, na kwamba gramu 10 zikiliwa pamoja na mlo hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo huo.

Hesabu ndogo yafaa hapa, ili sifa hii nayo isivimbishwe. Kwa kuwa ganda bichi ni maji kwa karibu robo tatu, gramu sita za pektini zingehitaji takriban gramu 100 za ganda bichi, yaani maganda ya machungwa mawili hivi, kila siku bila kukosa, na hilo si jambo la kumhimiza mtu yeyote. Lakini nyuzinyuzi hujumlishwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutokana na vyakula vya asili, na mlaji wa maharage, ugali wa dona, mboga za majani na matunda huwa tayari ameshapiga hatua kubwa kuzifikia. Ganda huongeza sehemu yake katika jumla hiyo, hata kama mlaji hafanyi zaidi ya kula kichane cha chungwa pamoja na weupe wake badala ya kukichambua mpaka king'ae. Anayekunywa maji ya chungwa yaliyochujwa, kwa upande mwingine, hupata sukari ya tunda pasipo ile breki ambayo maumbile yameiweka pembeni yake.

Katika tabaka hilo hilo jeupe ndimo kinamopatikana kile kitu alichokiita Szent-Györgyi vitamini P. Leo kinafahamika kuwa ni kundi la kemikali za mimea ziitwazo flavonoidi, na iliyo kuu kati yake katika chungwa ni hesperidini, ambayo mwanakemia Lebreton wa Ufaransa aliipata katika weupe wa ganda la chungwa mwaka 1828, zaidi ya karne moja kabla ya mtu yeyote kufikiri kwamba ina kazi mwilini. Hesperidini haifyonzwi kirahisi, kwa sababu imefungamana na sukari ambayo mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuikata. Ni bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoikata, na hivyo faida anayopata mtu mmoja inaweza kutofautiana na ya jirani yake kulingana na bakteria alio nao kila mmoja. Kutokana na hesperidini viwanda hutengeneza diosmini, na mchanganyiko wa miligramu 450 za diosmini na 50 za flavonoidi nyingine zinazohesabiwa kama hesperidini umekuwa ukiuzwa kwa miongo kadhaa kama kidonge cha kutibu ulegevu wa mishipa ya vena miguuni na kutuliza bawasiri. Kidonge hicho hupatikana pia katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, na wengi wanaokimeza hawajui kwamba asili yake ni ganda la tunda.

Mfano wa kidonge hicho unafundisha jambo linalofaa kushikwa kwa makini. Ganda liliweza kuwa dawa, lakini kwanza lilisafishwa, kemikali moja ikatengwa na mamia ya nyingine, ikabadilishwa umbo, ikasagwa kuwa chembe ndogo mno ili ifyonzwe, na ikapimwa kwa wagonjwa kwa kipimo kinachojulikana. Kikombe cha maji yaliyochemshiwa maganda hakijapitia hata hatua moja kati ya hizo. Mwenye bawasiri anayekula maganda atafaidika zaidi na nyuzinyuzi zinazolainisha choo kuliko na hesperidini iliyomo. Naye atafaidika vizuri zaidi akiongeza na maji ya kunywa.

Tafiti nyingine zinazotajwa mara kwa mara zinahitaji kusomwa kwa uangalifu wa namna hiyo hiyo. Mwaka 2004 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuwalisha hamsta, wanyama wadogo wa maabara wanaofanana na panya, chakula ambacho asilimia moja yake ilikuwa flavonoidi za pekee zinazopatikana katika ganda la chungwa na chenza, zikiwamo nobiletini na tanjeretini, na lehemu mbaya katika damu yao ikashuka kwa zaidi ya asilimia 30. Matokeo hayo ni ya kutia moyo, lakini asilimia moja ya chakula cha siku nzima cha binadamu ni gramu nyingi za kemikali iliyosafishwa, kiasi ambacho hakuna anayeweza kukipata kwa kutafuna maganda, na mwili wa mnyama wa maabara si mwili wa mtu. Mwaka 2000, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, watafiti waliwahoji watu wapatao 470, baadhi wakiwa na aina moja ya saratani ya ngozi inayotokana na jua na wengine wakiwa hawana, wakakuta kwamba waliokuwa na mazoea ya kula maganda ya matunda haya walikuwa wachache zaidi miongoni mwa wagonjwa. Utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja limesababisha jingine, kwa kuwa mtu anayekula maganda huenda pia anakula mboga zaidi au anavaa kofia.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ambazo watu wenye ualbino hupatwa na saratani ya ngozi wakiwa bado vijana kwa sababu ngozi yao haina kinga ya rangi dhidi ya jua. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba chai ya maganda itamkinga ni kumdhuru, na uzito wa tamko hilo haupunguzwi na nia njema ya anayelitamka. Kinga yake ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta maalumu ya kuzuia miale ya jua, na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara.

Yamebaki mafuta ya tabaka la juu. Humo kemikali kuu ni limoneni, ambayo hufikia zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda la chungwa, na hupungua katika limau, ambamo hushirikiana na nyingine zinazolipa limau ukali wake. Limoneni imezushiwa sifa kubwa na hofu kubwa kwa pamoja. Hofu ilitokana na majaribio yaliyoonyesha uvimbe katika figo za panya madume, lakini baadaye ikafahamika kwamba uvimbe huo husababishwa na protini ambayo panya dume anayo na binadamu hana. Sifa nayo imetokana kwa sehemu na habari ya kweli iliyopotoshwa njiani: mwaka 1991 madaktari wa Japani walieleza jinsi walivyoyeyusha vijiwe vya nyongo kwa wagonjwa kwa kutumia limoneni, na karibu nusu ya wagonjwa 200 vijiwe vyao vikaisha kabisa. Kinachoachwa katika masimulizi ya mitaani ni kwamba limoneni hiyo ilipelekwa moja kwa moja ndani ya kifuko cha nyongo kwa mrija, hospitalini. Hakuna njia ya kutoka kikombe cha chai hadi ndani ya kifuko hicho, na mwenye vijiwe vya nyongo anayeahirisha kumwona daktari kwa sababu ya kikombe hicho hujiweka katika hatari. Kuhusu desturi ya kuchoma maganda makavu jioni ili kufukuza mbu, harufu huwasumbua wadudu kwa muda mfupi, na chandarua hubaki na kazi yake yote.

Ikiwa ganda ni chakula, basi wataalamu wake wa kweli ni wapishi, na katika hili watu wa pwani na wa Bahari ya Hindi, pamoja na wa China, wana elimu ambayo haikuhitaji kungoja maabara. Katika jimbo la Guangdong kusini mwa China, hasa eneo la Xinhui, ganda la chenza hukaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kutiwa katika supu na chai, na kadiri linavyozeeka ndivyo bei yake inavyopanda. Wachina hulitumia kutuliza tumbo lililojaa gesi na kulegeza makohozi. Katika Oman na nchi za Ghuba, ndimu nzima huchemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa juani mpaka ikawa nyepesi na nyeusi, kisha hutobolewa na kutiwa katika mchuzi wa samaki au wa nyama, ganda likiwemo, na uchachu wake uliochanganyika na harufu ya moshi hauwezi kupatikana kwa maji ya ndimu peke yake. Kutoka Lamu hadi Unguja na Kilwa ipo achari: ndimu au limau hupasuliwa, hushindiliwa chumvi, huanikwa katika chupa kwa siku nyingi pamoja na pilipili, mpaka ganda linapolainika na uchungu wake ukageuka kuwa ladha inayotafutwa na mlaji wa pilau au biriani. Katika achari mlaji hula ganda lote, tabaka la rangi na tabaka jeupe, bila mtu kumhubiria habari za flavonoidi. Kasoro ya achari ni chumvi yake tu; Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza hata kijiko kimoja cha chai, na mwenye shinikizo la damu hana budi kuila achari kwa kuionja.

Hapa ndipo panapofaa kutajwa kwamba si kila ganda la jamii hii ni sawa na jingine. Danzi, lenye maji machungu na ganda nene lenye mikunjo, lina sinefrini, kemikali inayofanana na adrenalini na inayoweza kuharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Marekani ilipopiga marufuku mmea wa efedra katika vidonge vya kupunguza unene mwaka 2004, watengenezaji wengi waligeukia ganda la danzi badala yake, na bidhaa hizo huvuka mipaka na kuuzwa mtandaoni kama vitu vya asili visivyo na madhara. Kipande cha ganda la danzi katika jemu si tatizo, lakini kidonge kilichokusanya kemikali ya madanzi mengi ni jambo tofauti kabisa.

Balungi lina hatari ya aina nyingine, nayo iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1989, katika mji wa London jimboni Ontario nchini Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza athari za pombe kwa watu wanaotumia dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini, wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, na wakashangaa kukuta kiwango cha dawa katika damu kikiwa mara kadhaa zaidi ya kilivyotarajiwa. Sababu ilikuja kujulikana: balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo hukizima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi kabla hazijaingia katika damu, na kimeng'enya kikizimwa dawa huingia kwa wingi wa kudhuru. Furanokumarini zimo katika maji ya tunda na katika ganda pia, na danzi nalo linazo. Dawa zinazoguswa ni pamoja na baadhi ya zile za kushusha lehemu, kama simvastatini, na baadhi ya zile za shinikizo la damu, kama nifedipini. Hata artemetha, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, imeonekana kupanda katika damu ikimezwa pamoja na maji ya balungi. Mtu anayetumia dawa za kila siku hana sababu ya kuliogopa chungwa la kawaida, lakini kabla ya kuanza mazoea ya balungi au danzi, pamoja na maganda yake, yampasa kumuuliza mfamasia.

Furanokumarini hizo hizo ndizo zinazowaunguza ngozi watu wanaokamua ndimu nyingi wakiwa juani. Mafuta ya ganda yakibaki mikononi na miale ya jua ikayafikia, ngozi huota malengelenge baada ya siku moja au mbili, kisha huacha mabaka meusi yanayodumu kwa wiki kadhaa, na mara nyingi aliyeungua hukumbuka kila kitu alichokigusa isipokuwa ndimu. Kwa sababu hiyo ushauri wa kujipaka maji au ganda la ndimu usoni ili kung'arisha ngozi, ambao husambazwa sana kwa wasichana, ni wa kukataliwa bila kusitasita. Anayekamua ndimu za sherehe aketi kivulini na anawe kwa sabuni kabla ya kutoka.

Linabaki suala la usafi, ambalo kwa mlaji wa ganda ni zito kuliko kwa mlaji wa nyama ya tunda, kwa kuwa chochote kilichopuliziwa shambani au kupakwa ghalani hukaa juu ya ganda. Machungwa yanayosafirishwa kutoka nchi za mbali na kuuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam kwa kawaida huoshwa baada ya kuvunwa, jambo linaloondoa nta yake ya asili, kisha hupakwa nta nyingine ya kung'arisha pamoja na viuakuvu kama imazalili na thiabendazoli ili yasioze njiani. Dawa hizo huruhusiwa kwa viwango maalumu kwa kukadiria kwamba watu wengi hawali ganda. Machungwa ya Muheza, ya Makueni nchini Kenya au ya mashamba ya Unguja yanayofika sokoni ndani ya siku chache mara nyingi hayajapakwa nta, ingawa huenda yamepuliziwa viuatilifu yakiwa mtini, na kwa anayetaka kula ganda ndiyo ya kuchaguliwa kwanza, hata kama sura yake ina makovu. Kuosha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa brashi huondoa vumbi, vijidudu na sehemu ya dawa. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 2017 kwa kutumia matofaa ulionyesha kwamba kuloweka tunda kwa dakika 12 hadi 15 katika maji yenye magadi soda ya jikoni huondoa dawa iliyo juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu, lakini thiabendazoli iliyokwisha kuzama ndani ya ganda haitoki.

Anayekausha maganda nyumbani ayamenye membamba, ayatandaze mahali pakavu penye hewa na kivuli ili mafuta yasipotee yote juani, na ayahifadhi katika chombo chenye mfuniko yakiwa yanavunjika kwa kukunjwa. Ganda lililopata unyevu na kuota kuvu litupwe lote, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa. Kiasi cha kuanzia ni kijiko kimoja cha chai cha ganda lililokwanguliwa, likitiwa katika uji, chai, maandazi au mchuzi wa samaki, na kuongezwa polepole kadiri tumbo linavyozoea, kwa maana nyuzinyuzi nyingi za ghafla huleta gesi na maumivu. Watoto wadogo wasipewe vipande vizima, ambavyo ni vigumu na vinaweza kuwakwama kooni, na watu waliowahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo waepuke kumeza weupe wa chungwa kwa mafungu makubwa, kwa sababu nyuzi zake zimewahi kujikusanya katika utumbo wa wagonjwa wa namna hiyo na kuuziba.